Mzigo wa Mtihani katika Nchi ya Mkonge

Utangulizi

Msafiri atokaye Segera kwenda Tanga hufika Hale kabla ya kuiona Muheza. Mahali hapa si pakubwa, lakini historia ya nchi yetu imepapitia mara nyingi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita huku na kufika Korogwe mwaka 1902. Mkonge ukafuata reli, na watu wakafuata mkonge. Mwaka 1964 maji ya mto Pangani yakaanza kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na umeme huo ukapelekwa Tanga na Dar es Salaam. Reli, mkonge na umeme ni mambo yaliyokwisha kuandikwa sana. Katika insha hii tunakusudia kueleza jambo la nne, ambalo halina moshi wala nguzo, lakini limeingia katika kila nyumba ya Hale, ya Korogwe na ya Handeni, nalo ni mtihani wa shule.

Neno lenyewe lina mafunzo. Mtihani ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni maswali apewayo mwanafunzi ili kupima ujuzi wake. Maana ya pili, ambayo watu wa pwani huitumia kila siku, ni msiba au jaribu litokalo kwa Mungu: mtu akifiwa au akiunguliwa na nyumba, jirani zake husema amefikwa na mtihani. Tukichungua maisha ya mwanafunzi wa leo tutaona kwamba maana hizi mbili zimekaribiana mno. Swali letu ni hili: ilikuwaje hata chombo cha kupimia elimu kikageuka kuwa msiba wa mtoto, na utamaduni wetu una neno gani la kusema juu ya jambo hilo?

Majaribu ya Kale

Si kweli kwamba wazee wetu hawakuwapima watoto wao. Wazigua, Wabondei na Wasambaa, kama makabila mengine mengi ya nchi hii, walikuwa na jando na unyago. Mwari aliingia porini au ndani, akafunzwa na makungwi, akajaribiwa kwa maumivu, kwa njaa, kwa baridi ya alfajiri na kwa mafumbo. Mtoto aliyelia aliaibika, na aliyeshindwa kufumbua fumbo alichekwa. Tusiipambe hali hiyo kuliko ilivyokuwa, kwani makungwi wengine walikuwa wakali kupita kiasi, na mambo mengine waliyofunzwa wasichana yalikuwa ya kuwafunga badala ya kuwafungua.

Hata hivyo, jaribu hilo la kale lilikuwa na sifa moja tunayopaswa kuishika vizuri. Kusudi lake lilikuwa kuwaingiza watoto wote katika utu uzima. Wari walioingia pamoja walitoka pamoja. Aliyechelewa kupona alingojewa, na aliyekuwa mzito wa kufahamu alirudiwa na somo wake mpaka akafahamu. Kungwi aliyerudi kijijini na nusu ya wari, akasema kwamba nusu nyingine haikufaa, angeulizwa yeye kwanza amefanya kazi gani huko porini.

Hali ilifanana na hiyo katika vyuo vya Kurani vilivyoenea kutoka Pangani na Tanga kufuata njia za misafara. Humo nako bakora haikukosekana. Lakini mtoto aliendelea kwa mwendo wake: mmoja alihitimu baada ya miaka miwili, mwenziwe baada ya minne, na kila mmoja alifanyiwa hitima yake siku yake ilipofika. Hapakuwa na siku moja katika mwaka ambapo watoto wote waliwekwa katika mizani moja, kisha wengi wao wakaambiwa warudi kwao.

Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba hofu ya mwanafunzi ililetwa na wageni. Tofauti tunayoiona ni ya kusudi. Jaribu la kale lilikuwa mlango wa kuingilia, na mtihani wa shule ukawa chekeche. Mlangoni kila mtu hupita, japo kwa kuinama. Chekeche kazi yake ni kutenga, na haina budi kuacha kitu nje.

Shule ya Makarani

Mnamo mwanzo wa miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake ya kwanza mjini Tanga. Wajerumani walihitaji makarani, wakalimani, walimu na maakida, na shule hiyo ikawatoa. Kabla yao, tangu miaka ya 1860, wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa wamekwisha kuingia Magila katika nchi ya Wabondei, na wanafunzi wao bora wakapelekwa chuo cha Kiungani, Unguja. Katika shule hizo zote nafasi zilikuwa chache, na kila nafasi ilikuwa na thamani iliyoonekana kwa macho: kanzu nyeupe, mshahara, heshima ya kuisoma barua ya serikali mbele ya watu wasiojua kuisoma.

Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia walipanua shule, lakini hawakulipanua chekeche. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, naye alikuwa wa pili katika wanafunzi 11 waliopata cheti cha kumaliza shule. Mwandishi mkuu wa lugha yetu alipita katika tundu la watu 11. Hatuwezi kuhesabu ni vipaji vingapi vya lugha, vya hesabu au vya tiba vilivyobaki upande wa pili.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia tundu hilo liligawanywa kuwa matundu mengi. Mtoto alifanya mtihani wa darasa la nne ili aingie shule ya kati, akafanya wa darasa la nane ili aingie sekondari, akafanya wa darasa la kumi, na mwisho akafanya wa darasa la kumi na mbili uliotoka Cambridge. Karatasi za mtoto wa Korogwe zilisafiri kwa meli kwenda kusahihishwa Uingereza na watu wasioijua Korogwe. Walioanza darasa la kwanza walikuwa wengi, na waliofika mwisho walihesabika kwa vidole.

Namba ya Baba na Namba ya Mwana

Ili tuelewe kwa nini mtihani uliogopwa zaidi katika nchi ya mkonge, hatuna budi kuitazama kazi ya mkonge yenyewe. Zao hili liliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Inaelezwa kwamba katika miche 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na hiyo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalipanda bonde mpaka Hale, Korogwe na kwingineko.

Mashamba yalitaka watu, na watu hawakutaka mashamba. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, kila mwanamume aliwekewa kadi ya kazi iliyomlazimisha kumtumikia mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Wenyeji walipozidi kukwepa, mashamba yalitafuta watu wa mbali. Wakaja Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi na wengine. Waliandikishwa, wakapewa namba, wakasafirishwa, na kwa ajili ya namba hizo wakaitwa manamba. Kambini mtu aliamka usiku wa manane, akaenda kumaliza ngwe yake, akakata majani na kuyafunga matita ya thelathini thelathini, nayo yakapelekwa korona kusagwa ili yatoe singa. Siku ambayo ngwe haikuisha haikuandikwa katika kipande, na siku isiyoandikwa haikulipwa.

Baba aliyeishi hivyo alikuwa na ombi moja kwa mtoto wake: ashike kalamu asishike panga. Ombi hilo ni la haki kabisa, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Lakini tazama lilivyomwangukia mtoto. Shuleni alifunzwa kwamba kufaulu ni kuokoka na kushindwa ni kurudi kwenye ngwe. Alipoingia chumba cha mtihani hakuandika jina lake, aliandika namba. Kipimo chake kikawa kama kile cha babaye: kazi iliyomalizwa kwa saa iliyowekwa, inayohesabiwa na mtu asiyemjua mfanyaji. Manamba wa shamba alizaa mtoto mwenye namba ya mtihani, na wote wawili walijua kwamba karatasi ndiyo itakayosema kama siku zao zilikuwa na maana.

Kicheko cha Kashasha

Matokeo ya hali kama hiyo katika mwili na moyo wa mwanafunzi yalijidhihirisha mara tu baada ya Uhuru, si Tanga bali upande wa pili wa nchi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Kicheko kiliwaambukiza wenzao, kikachanganyika na kilio, fadhaa na hofu ya kufuatwa na watu wasioonekana. Hatimaye wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Walimu hawakupatwa. Wasichana waliporudishwa kwao hali hiyo ilizuka vijijini, na katika kijiji cha Nshamba ikawapata watu 217, wengi wao wakiwa vijana na watoto.

Madaktari walichunguza damu, chakula na maji, wasiona sumu wala kijidudu. Waliochunguza habari hizo baadaye wameeleza kwamba hicho hakikuwa kicheko cha furaha, bali dalili ya mashaka yaliyowazidi watoto waliokuwa chini ya amri kali za bweni, mbali na wazazi, wakati taifa jipya lilipokuwa likitazamia makubwa kutoka kwa wachache waliosoma. Ulimwengu umelichukua jambo hili kama kichekesho. Sisi tunaliona kuwa ni ushahidi. Mwili wa mtoto husema pale ambapo kinywa chake hakina ruhusa ya kusema, na shule ya Kashasha haikutofautiana sana kwa taratibu zake na shule nyingine za bweni za wakati ule, za Tanga zikiwemo.

Elimu ya Kujitegemea na Jaribio la Kwamsisi

Mwezi Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Hoja moja kubwa ilihusu jambo hili hili. Shule za msingi ziliendeshwa kama kwamba kazi yao ni kuwatayarisha watoto kwa sekondari, na hali ni yapata watoto 13 tu katika 100 walioweza kupata nafasi hizo. Waliosalia walihesabiwa kuwa wameshindwa, wakajihesabu hivyo wao wenyewe, na wazazi wao wakawahesabu hivyo. Taifa lilikuwa likitumia fedha zake kuzalisha watu wengi wenye kujidharau.

Hatua zilifuata. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo 1977. Iliagiza pia kwamba mwanafunzi asipimwe kwa karatasi ya siku moja peke yake, bali kazi zake za kila siku na mwenendo wake vihesabiwe. Kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo ya darasani ziliingizwa katika hesabu ya mtihani wa kidato cha nne.

Katika wilaya ya Handeni fikra hizo zilijaribiwa kwa vitendo. Kijiji cha Kwamsisi kilichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwa mahali pa kujaribia shule ya jamii, kwa ushirikiano wa wanakijiji, Chuo cha Ualimu cha Korogwe, Wizara ya Elimu ya Taifa na shirika la UNICEF. Kusudi lilikuwa kuubomoa ukuta kati ya darasa na kijiji. Masomo yaliunganishwa na kilimo, afya, ufundi na mila za mahali pale. Wanakijiji wenye ujuzi walihesabiwa kuwa walimu. Na watu wazima waliitumia shule kama mali yao. Mafunzo ya Kwamsisi yalisaidia baadaye katika mpango wa kuboresha elimu ya msingi uliojulikana kwa jina la MTUU.

Tunaikumbuka Kwamsisi kwa sababu ilirudisha, kwa sura mpya, ile sifa ya jaribu la kale: mtoto alifunzwa ili aingie katika jamii yake. Lakini tunaikumbuka pia kwa sababu inatufunza mpaka wa jambo lenyewe. Mwisho wa darasa la saba mtihani ulibaki mahali pake, na nafasi za sekondari zilibaki chache. Mzazi aliyependa shamba la shule na ufundi wa shule alikuwa na haki ya kuuliza kama mambo hayo yataulizwa katika karatasi. Shule moja haiwezi kugeuza maana ya kufaulu ikiwa nchi nzima haijaigeuza.

Nafasi Chache, Watoto Wengi

Elimu ya watoto wote ilikuwa ushindi mkubwa wa taifa letu, wala hatutaki kuupunguza. Shule zilijengwa kwa mikono ya wananchi, na vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Lakini shule za sekondari hazikuongezwa kwa kiasi hicho, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, walioingia sekondari ya serikali hawakufika kumi. Chekeche lilimwagiwa nafaka nyingi zaidi, na matundu yake yakabaki yale yale.

Lugha yenyewe ilionyesha yaliyotokea. Watu walianza kutofautisha kati ya kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliweza kufaulu mtihani asichaguliwe, na mbele ya jirani zake kufaulu kwake hakukuwa na uzito. Maneno "darasa la saba", ambayo yangepaswa kuwa sifa ya mtu aliyesoma miaka saba, yakawa dharau.

Wakati huo huo kazi ya mkonge ilikuwa ikififia. Katika miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ya dunia ilianguka kwa sababu ya kamba za nailoni, uendeshaji wa mashamba ukadhoofika, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mazao yakawa chini ya tani 40,000. Kwa kijana wa Hale maana yake ilikuwa kwamba hata ile ngwe aliyotishwa nayo babaye haikuwapo tena ya kutosha. Mlango mmoja ukabaki, nao ni wa karatasi.

Mitihani ikaongezeka. Wa kidato cha pili ulianzishwa, na wa darasa la nne, uliokuwa umeondolewa, ukarudi. Mitihani ya majaribio ikapangwa ya kata, ya wilaya na ya mkoa. Masomo ya ziada ya kulipia yakaenea jioni, Jumamosi na wakati wa likizo. Shule nyingi zikaanza kuwaweka watoto wa madarasa ya mitihani katika makambi ya kujisomea usiku. Neno kambi, ambalo babu wa Hale alilijua kwa kukata mkonge, limerudi katika maisha ya mjukuu wake.

Februari ya Majonzi na Mambo Yaliyofuata

Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa shule walipata daraja la sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, aliunda tume, na mwezi Mei matokeo hayo yalifutwa na kupangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Wako waliopanda daraja kwa karatasi ile ile waliyokuwa wameiandika miezi kadhaa kabla. Jambo hilo litufunze unyenyekevu. Mtoto aliyekaa wiki kadhaa akijiita sifuri, pengine bila kula wala kutoka nje, aliambiwa baadaye kwamba hakuwa sifuri. Wiki zile nani atamrudishia?

Wala hatuwezi kupita kimya juu ya jambo zito zaidi. Katika miaka mbalimbali, baada ya matokeo kutangazwa, magazeti yetu yameripoti habari za watoto waliojitoa uhai. Kila kifo kina sababu zake nyingi, na haifai kukitupia lawama kitu kimoja kwa haraka. Lakini taifa ambalo mtoto wake anaweza kuamini kwamba karatasi ya alama imemaliza haki yake ya kuishi halina budi kujiuliza limemwambia nini tangu darasa la kwanza.

Mwaka huo huo wa 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilianza kupangwa kwa daraja na kutiwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Picha za wanafunzi bora na majina ya shule bora yalipamba magazeti kila mwaka, na shule za kulipia zikayatumia kujitangazia biashara. Mtoto wa shule ya kata, ambaye mwalimu wa hesabu alimwona nusu ya mwaka tu, alilinganishwa hadharani na mtoto mwenye maktaba na maabara.

Ni haki kueleza pia yaliyotengenezwa. Kuanzia mwaka 2016 ada zilifutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Mwaka 2021 waraka wa serikali uliwaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Mwezi Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani liliacha desturi ya kutaja shule na wanafunzi bora kitaifa. Katika mwaka huo pia serikali ilizuia kuwaweka bwenini watoto wa madarasa ya chini. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, kwa shabaha kwamba mtoto asikatwe katikati na mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mitaala mipya ilianza kufundishwa Januari 2024. Kwa maneno mengine, chekeche ambalo Mwalimu alilisemea mwaka 1967 limeanza kuondolewa katika ngazi ile zaidi ya nusu karne baadaye.

Nini Kifanyike

Wapo watakaosema kwamba kupunguza mitihani ni kulea uvivu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Daktari asiyepimwa ni hatari, na mhandisi asiyejua hesabu atabomoa daraja. Mtihani wa haki umemsaidia pia mtoto wa maskini kupita mahali ambapo mtoto wa mkubwa angepita kwa jina la babaye. Kwa hiyo hatusemi mtihani ufutwe. Tunasema urudi kuwa kipimo, usiendelee kuwa hukumu.

Kwanza, mwalimu arudishiwe kazi ya ulezi. Kungwi alijua wari wake mmoja mmoja. Alijua nani amefiwa na nani haoni vizuri jioni. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani hawezi kuyajua hayo, na kumlaumu ni dhuluma. Kila shule ipate walimu wa ushauri nasaha waliofunzwa, tena wenye wakati wa kazi hiyo.

Pili, tuache kumsomea mtoto nafasi yake ya mwisho mbele ya gwaride. Aliyekuwa wa mwisho anajijua. Kumtangaza hakumwongezei elimu, kunamwongezea aibu tu, na mtoto mwenye aibu hakimbilii kitabu bali hukimbia shule. Bakora nayo haijapata kumfafanulia mtoto swali la hesabu.

Tatu, michezo, ngoma na kazi za mikono visihesabiwe kuwa wizi wa muda wa masomo. Wazee walijua kwamba mafunzo yasiyo na wimbo hayakai. Usingizi na chakula ni sehemu ya elimu: mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila uji, akatembea kilomita nyingi, kisha akakeshwa kambini, hapimwi akili bali anapimwa njaa.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, heshima ya kazi irudi. Hofu ya mtihani haiwezi kwisha ikiwa mkulima, fundi, mshonaji na mkata mkonge wanaishi maisha ambayo mtu mwenye busara atayakimbia. Baba wa kambini hakuichukia panga kwa sababu ni panga. Aliichukia kwa sababu ilimpa namba badala ya jina, na ujira usiotosha. Siku ambayo kijana wa Hale ataweza kulima, kutengeneza mashine au kusindika mkonge akapata riziki na heshima, karatasi ya mtihani itapungua uzito bila ya amri ya mtu.

Hitimisho

Tumeona kwamba mzigo alioubeba mwanafunzi wetu una historia. Haukuumbwa pamoja naye, wala hautokani na ulegevu wa watoto wa siku hizi. Uliletwa na shule iliyotafuta makarani wachache, ukazidishwa na mashamba yaliyowafanya kazi ya mikono ionekane adhabu, ukarithiwa na taifa huru lililotaka kuwasomesha wote kabla ya kupata nafasi za wote. Kitu kilichotengenezwa na watu kinaweza kutengenezwa upya na watu.

Vidole vya mkono havilingani, na hakuna aliyepata kukata kimoja kwa sababu ni kifupi. Mtoto aliyepata sifuri katika karatasi bado ni mtoto wa watu, ana jina alilopewa siku ya arobaini yake, na kijiji kinachomwita kwa jina hilo siku matokeo yanapotangazwa kimekwisha kumfanyia sehemu ya kwanza ya malezi. Sehemu inayobaki ni ya serikali, ya walimu na ya wazazi, nayo haina budi kuanza kabla ya mtihani ujao.